Hedifoni za kuchezea gemu katika chumba chenye pangaboi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Magomeni

Kisa hiki kinamhusu mpwa wangu, kijana wa miaka 23 anayeishi na bibi yake Magomeni, Dar es Salaam, ambaye alinijia akiwa na shilingi 500,000 na ombi moja: nimchagulie hedifoni za kuchezea Counter-Strike 2, mchezo wa timu mbili zinazopigana kwa bunduki, kwenye kompyuta yake ya mezani. Fedha hizo alizipata kwa kuhariri video za harusi, kazi anayoifanya kwa kompyuta hiyohiyo, na hakuwa tayari kuzipoteza kwa kitu kitakachokwisha ndani ya mwaka. Mimi nimefanya kazi ya mitambo ya sauti kwa miaka mingi, kwenye kumbi na kwenye studio ndogo, na nilidhani ombi lake lingenichukua nusu saa. Lilinichukua wiki sita. Nakieleza kisa chote, pamoja na pale tulipokosea, kwa sababu vijana wengi wa pwani wanaouliza swali hili hupewa majibu yaliyotungwa kwa ajili ya watu wanaocheza katika vyumba vya baridi, vyenye madirisha ya vioo viwili na ukimya wa usiku, ilhali vyumba vyao wenyewe ni vya aina nyingine kabisa.

Malalamiko yake aliyaeleza vizuri. "Mjomba," aliniambia, "nasikia mtu anakuja, najua kabisa anakuja, lakini sijui anatokea wapi. Nageuka kushoto, kumbe yuko mgongoni." Aliongeza kwamba baada ya saa moja masikio humchoma kwa joto, na kwamba wenzake kwenye timu humlalamikia kwa mvumo unaosikika kila anapofungua maikrofoni. Mikononi alikuwa na hedseti ya bei nafuu yenye taa za rangi. Ngozi ya bandia ya mito yake ilikuwa imebanduka vipande vipande vyeusi vilivyokuwa vikimganda shingoni, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa ngozi ya aina hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huliwa na unyevu na joto, na hewa ya Dar es Salaam inavyo vyote viwili kwa mwaka mzima.

Kabla ya kuzungumzia bidhaa yoyote, nilimwomba twende chumbani kwake. Kanuni yangu katika kazi ya sauti ni kwamba kifaa hakilaumiwi mpaka njia nzima ya sauti iwe imefuatwa, kutoka inapozaliwa hadi inapoingia sikioni, na kanuni hiyo ilitulipa siku ya kwanza.

Hedseti ile ilikuwa na pini mbili: moja ya USB na nyingine ya mviringo ya milimita 3.5. Yeye aliamini kwamba sauti hupita kwenye USB. Tulipoichomoa USB, taa zilizimika na sauti ikaendelea kama kawaida, maana waya ule kazi yake ilikuwa kuwasha taa tu. Sauti yenyewe ilipita kwenye tundu la mbele la kasha la kompyuta. Nilivaa hedseti bila kucheza chochote, nikapandisha sauti, kisha nikamwambia asogeze kipanya. Kila kilipotembea kwenye kioo, nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu ukipanda na kushuka pamoja nacho, na alipofungua mchezo ili kadi ya picha ianze kufanya kazi, mlio ule ukageuka kuwa mkwaruzo. Sababu yake inaeleweka. Tundu la mbele huunganishwa na ubao mama kwa waya mrefu unaokatiza ndani ya kasha, karibu na kadi ya picha na ugavi wa umeme, nao huokota kelele za umeme njiani. Tulihamishia pini kwenye tundu la kijani la nyuma, lililo kwenye ubao mama wenyewe, na sehemu kubwa ya mlio ule ikapotea bila gharama yoyote.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Programu ya sauti iliyokuja na kompyuta ilikuwa imewashwa kile kinachoitwa 7.1, yaani kuigiza spika saba na ya besi zilizomzunguka msikilizaji. Mpwa wangu aliiwasha kwa imani kwamba spika nyingi zitamwonyesha adui vizuri zaidi. Lakini Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, tayari huchakata sauti zake yenyewe kwa ajili ya masikio mawili: hukadiria jinsi kichwa na ndewe za masikio zinavyobadili sauti inayotoka mbele, nyuma au pembeni, kisha hutoa sauti ya sterio iliyokwisha kubeba dalili hizo. Programu ya 7.1 ikiipokea sterio hiyo huidhania kuwa muziki wa kawaida, huipitisha kwenye chumba chake cha kubuni na kuiongezea mwangwi. Dalili zilizopimwa kwa uangalifu hupigwa brashi juu yake, kama mtu anayepaka rangi juu ya maandishi. Tulipoizima, alikaa kimya kwa raundi mbili nzima, kisha akasema kwamba sasa anasikia mlango wa kushoto ukiwa kushoto.

Kwa hiyo alinihoji, na kwa haki: je, bado kuna haja ya kununua? Nilimjibu baada ya jaribio la tatu, ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Chukua sauti ya mtu mmoja anayezungumza, iliyorekodiwa kwa mkondo mmoja, uicheze kwenye masikio yote mawili. Sauti hiyo inapaswa kusimama katikati ya kichwa, kana kwamba msemaji yuko kati ya nyusi zako. Kwenye hedseti yake msemaji alisimama karibu na sikio la kulia, na nilipoupinda waya kidogo pale unapoingia kwenye pini, upande wa kushoto ulikatika na kurudi. Fundi angeweza kuubadilisha waya kwa kulehemu pini mpya, lakini mito ilikuwa imekwisha, haikuuzwa peke yake, na hata ukiweka waya mpya besi ilikuwa imevimba kiasi cha kufunika kila kitu. Haja ya kununua ilikuwepo.

Ni lazima nieleze hapa sikio linajuaje upande, kwa kuwa uamuzi wote unategemea jambo hili. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, na tofauti hiyo, hata ikiwa kubwa kabisa, haizidi sana milisekunde 0.65. Ubongo hutumia tofauti hiyo ya muda hasa kwa sauti nene, zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,500 hivi. Kwa sauti nyembamba zaidi, kichwa chenyewe huwa kizuizi, na ubongo hulinganisha ukubwa wa sauti kati ya sikio na sikio. Lord Rayleigh alikwisha kulieleza hilo mwaka 1907. Kujua mbele na nyuma, au juu na chini, ni kazi nyingine: hapo ndewe ya sikio, kwa mikunjo yake, huongeza na kupunguza baadhi ya sauti za juu kulingana na mahali zinapotokea. Basi hedifoni inayofaa kwa mchezo wa aina hii inahitaji mambo matatu. Pande zake mbili zilingane kabisa, sauti zake za juu ziwepo bila kuvurugwa ovyo, na besi yake isizame juu ya mengine. Idadi ya spika zilizoandikwa kwenye boksi haimo katika orodha hiyo, na taa pia hazimo.

Kulikuwa na jambo la nne, ambalo mimi mwenyewe sikulipa uzito wake tangu mwanzo: hedifoni iweze kusikika ndani ya chumba inamotumika.

Katika kupunguza orodha, hedifoni zisizo na waya tuliziondoa mapema. Za Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kuhisiwa mchezoni, na mara unapotumia maikrofoni yake kwenye kompyuta, muunganisho hushuka hadi ubora wa simu. Zile zenye kipokezi chao cha USB hazina udhaifu huo, lakini kwa bei yetu sehemu kubwa ya fedha ingekwenda kwenye betri na redio badala ya spika, na betri ni kitu kinachokufa.

HyperX Cloud II tuliijadili kwa muda mrefu zaidi, na sitaki ionekane kwamba tuliidharau. Ni hedseti ya tangu mwaka 2015, imefungwa mgongoni, yaani ina ukuta nyuma ya spika, ina spika za milimita 53, maikrofoni yake huchomoleka, na ndani ya boksi huja na mito ya akiba ya mahameli, jambo ambalo kwa mtu wa pwani lina thamani kubwa. Kwa kijana anayecheza tu na kuongea na wenzake ningeishia hapo, nikamrudishia karibu nusu ya fedha zake. Kilichotuzuia ni kazi yake ya harusi. Kuhariri sauti ya sheikh anayesoma hotuba ya nikaha kwenye ukumbi wenye mwangwi, kutenganisha mvumo wa jenereta na sauti ya bibi harusi, ni kazi inayohitaji hedifoni inayokuonyesha kosa, na katika hilo hedifoni za studio ziko mbele.

Nikampeleka basi kwenye upande ninaoufahamu. Rafiki yangu ana Sennheiser HD 560S, ya mwaka 2020, hedifoni iliyo wazi mgongoni, yenye ukinzani wa umeme wa omu 120 na uzito wa gramu 240 tu, na alituazima kwa siku chache. Hedifoni iliyo wazi haina ukuta nyuma ya spika. Hewa hupita, sauti haigongi ukuta na kurudi, na kwa sababu hiyo muziki na michezo husikika kana kwamba viko nje ya kichwa. Mpwa wangu aliijaribu nyumbani kwangu, saa nne usiku, nikiwa nimezima kila kitu. Uso wake ulibadilika. Nilimwambia afumbe macho na anyooshe kidole kule anakosikia hatua, wakati mimi nikimwangalia mchezaji mwenzake kwenye kioo, na kidole kilikwenda mahali pake karibu kila mara. Joto pia lilipungua, kwa kuwa mito ya mahameli na mgongo ulio wazi huruhusu sikio kupumua. Usiku ule tuliafikiana. Nilimwandikia shangazi yake aliyeko Muscat, ambaye alikuwa anakuja nyumbani mwezi unaofuata, kwamba hiyo ndiyo tunayoitaka.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyechagua saa ya kujaribia na chumba cha kujaribia.

Siku mbili baadaye alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hedifoni ni nzuri, lakini hapa nyumbani sisikii kama nilivyosikia kwako." Nilikwenda. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakati anaocheza. Chumba chake kina dirisha moja la nondo na wavu linalotazama barabara, paa la mabati lisilo na dari nzito, na juu ya meza pangaboi lililokuwa likizunguka namba nne, kwa kuwa bila hilo haikaliki. Nje bajaji zilikuwa zinapishana. Nilivaa HD 560S nikakaa kwenye kiti chake, na kitu cha kwanza nilichosikia ni pangaboi: mvumo mpana usiokoma, wenye kigongo kidogo kila bawa moja lililopinda lilipopita. Hedifoni ile haikuzuia chochote. Hatua za adui zilizo mbali, zile hasa zinazomwokoa mchezaji, zilikuwa zimezama ndani ya mvumo ule.

Mvumo wa feni ni adui mbaya kuliko kelele za barabarani, ingawa una sauti ndogo. Honi hupita, feni haipiti, na kelele zake zimetandazwa juu ya masafa mengi kwa pamoja, hivyo kila sauti ndogo ya mchezo hukuta juu yake kitu kinachoifunika. Nilitazama kipimo cha sauti cha Windows. Nyumbani kwangu alikuwa amecheza kwenye 38. Kwake alikuwa amefika 70. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kijana huyu hucheza na kuhariri kwa saa nyingi. Sikuwa radhi kumnunulia kifaa kitakachomlazimisha kushindana na feni kwa masikio yake. Na kulikuwa na bibi, upande wa pili wa ukuta wa matofali membamba, ambaye aliniambia kwa upole kwamba tangu hedifoni mpya zije anasikia "bunduki ndogondogo" usiku. Hedifoni iliyo wazi huvujisha sauti kwa pande zote mbili.

Nilimwandikia tena shangazi kumwomba asubiri.

Swali likawa gumu kuliko lilivyokuwa. Chumba kilidai hedifoni iliyofungwa ili kuzuia feni, na mwili ulidai hedifoni iliyo wazi ili kuzuia joto, na kuzima feni hakukuwa jambo la kufikiria. Njia ya katikati niliipata kwenye kifaa ambacho nimekiona studio tangu ujana wangu na ambacho sikuwahi kukifikiria kwa ajili ya michezo: Beyerdynamic DT 770 Pro. Kampuni hii ya Ujerumani ilianzishwa Berlin mwaka 1924 na sasa iko Heilbronn. DT 770 imefungwa mgongoni, na watengenezaji wanaeleza kwamba hupunguza kelele za nje kwa takriban desibeli 18. Lakini mito yake ni ya mahameli ya kijivu, si ya ngozi, hivyo jasho hunywewa badala ya kutelezea shavuni, na hakuna kitu cha kubanduka. Mito hiyo huuzwa peke yake, na hubadilishwa kwa vidole. Karibu kila sehemu yake hupatikana. Kwa kijana anayenunua mara moja kwa miaka mingi, hilo lilinitosha kuiweka juu ya orodha.

Ina matoleo matatu makuu: la omu 32, la omu 80 na la omu 250. Duka moja la Kariakoo lilikuwa na la omu 250 kwa bei iliyopungua, na muuzaji alimhakikishia mpwa wangu kwamba omu nyingi ni ubora mwingi. Si kweli, na hesabu yake ni rahisi kuiweka hapa. Hedifoni hizi hutoa desibeli 96 kwa milwati moja. Tundu la kawaida la kompyuta, au kadi ndogo ya sauti ya USB, hutoa takriban volti moja. Volti moja kwenye omu 80 hutoa milwati 12.5, nayo hutupeleka desibeli 107. Kwenye omu 250 hutoa milwati 4 tu, yaani desibeli 102. Kwa mchezo, 102 ni kilele kinachotosha. Lakini sauti ya harusi iliyorekodiwa kwa unyonge, yenye sheikh aliyekaa mbali na maikrofoni, huhitaji nafasi ya kupandisha, na zile desibeli 5 zingemlazimisha siku moja kununua amplifaya. Toleo la omu 32 lina waya wa mita 1.6, mfupi kwa kompyuta iliyo sakafuni. La omu 80 lina waya ulionyooka wa mita 3. Tuliagiza la omu 80.

Shangazi aliinunua Muscat, akaja nayo kwenye begi pamoja na risiti, na tulipojumlisha ilikuwa shilingi 410,000. Ningependa angeinunua hapa, kwa sababu kifaa kikiharibika sasa dhamana yake iko ng'ambo ya bahari. Lakini maduka tuliyoyatembelea yalikuwa ama na toleo lisilotufaa, ama na nakala ambazo waya wake uliingia kwenye vikombe vyote viwili, wakati kwenye DT 770 halisi waya huingia upande wa kushoto peke yake.

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Alivaa, akawasha mchezo, akasema besi imekauka na feni bado inasikika. Nilimtazama kutoka pembeni nikaona tatizo: mpwa wangu huvaa miwani, na mkono wa miwani yake, ambao ni wa plastiki nene, ulikuwa umeinua mto wa hedifoni nyuma ya sikio na kuacha uwazi unaopitisha ncha ya kidole. Hedifoni iliyofungwa hutegemea mto kukaa sawasawa juu ya ngozi. Uwazi ukipatikana, besi hutoroka na kelele huingia. Nilimwambia aishushe hedifoni kidogo kwa kurefusha tao lake vituo viwili kila upande, kisha ainue mikono ya miwani ipite juu ya ukingo wa mto pale ulipo laini zaidi. Mvumo wa pangaboi ulizimika mfano wa mtu aliyefunga mlango. Baadaye alinunua fremu ya miwani yenye mikono myembamba ya chuma, na tatizo likaisha.

Kwa kadi ya sauti tulichukua ya USB ya shilingi 30,000, ndogo kama kidole gumba, ili kuikwepa kabisa kelele iliyobaki ndani ya kasha. Kwa maikrofoni tulitumia shilingi 35,000 kwenye ile ya kubana kwenye waya, na hapo pia pangaboi lilitufuata: upepo wake ulikuwa ukipiga moja kwa moja kwenye maikrofoni na kutoa mishindo. Sponji ndogo na kuihamishia upande wa shavu ulio mbali na feni vilitosha. Wenzake hawajalalamika tena.

Besi na sauti kali za DT 770 zilihitaji mkono. Kifaa hiki kina besi iliyoinuliwa na mlima mkali karibu na hezi 8,000, ambao hufanya herufi "s" ichome na risasi zikere. Kwa Equalizer APO, programu ya bure ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, tulishusha sauti zilizo chini ya hezi 100 kwa desibeli 3, na ule mlima kwa desibeli 4. Nilimzuia asipandishe chochote. Vijana wengi hupandisha sauti za juu wakidhani wanapandisha hatua za adui, lakini wanapandisha kila kitu kilicho huko, hata vioo vinavyovunjika na mabomu, na mwishowe hushusha sauti nzima na kupoteza kile walichokitafuta. Alichopata kwa kupunguza besi ni kwamba mlipuko wa bomu hauachi tena ukungu nyuma yake. Hatua zinazoufuata husikika.

Miezi minne imepita. Kipimo cha sauti cha Windows kiko kwenye 30 wakati pangaboi likizunguka namba nne. Joto halijaisha, ningemdanganya msomaji nikisema limeisha. Huvua hedifoni kila mchezo unapokwisha, huzitundika kwenye msumari uliofungwa kitambaa, na mito huianika kivulini mara moja kwa wiki. Waya wa mita 3 ulikuwa ukipitiwa na magurudumu ya kiti, na sasa umefungwa kwenye mguu wa meza kwa mkanda. Mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna hedifoni inayofaa, na jioni za namna hiyo huhariri video badala ya kucheza. Bibi halalamiki.

Limebaki jambo moja ambalo bado ananiuliza. Kwenye ramani ya Nuke, ambako eneo moja la kutegea bomu liko juu ya lingine, anasikia hatua waziwazi lakini mara nyingi hajui kama adui yuko juu ya kichwa chake au chini ya miguu yake. Alitaka kujua kama hedifoni ya milioni moja ingemsaidia. Nilimwambia hapana, kwa sababu mchezo hukadiria juu na chini kwa kutumia umbo la sikio la wastani, na ndewe zake yeye hazikupimwa na mtu yeyote. Sasa anaijifunza ramani ile kwa kusikiliza tofauti ya sakafu, kwa sababu hatua juu ya chuma hazilii kama hatua juu ya zege, na zile shilingi 25,000 zilizosalia ameziweka kando kama mwanzo wa kununulia mito mipya ya mahameli.